Mpinzani, Mkosoaji, Muasi: Historia Fupi ya Maneno ya Kiingereza Tunayoyachanganya



Kuna jambo linanikera kila ninaposoma habari za kwetu zilizotiwa Kiingereza, au za Kiingereza zilizoletwa kwetu. Mtu yeyote asiyekubaliana na wakubwa tunampa jina moja tu: mpinzani. Mwandishi aliyelalamikia bei ya karafuu gazetini ni mpinzani. Mbunge wa chama kingine ni mpinzani. Kijana aliyeingia msituni na bunduki, naye mpinzani. Kisha mfasiri anafungua kamusi, anakuta mbele yake “opponent”, “critic”, “dissenter”, “dissident”, “detractor”, “adversary”, “rebel”, anaokota lililo jepesi mdomoni na kuendelea na safari yake. Sasa basi, Waingereza wenyewe hawakujirundikia maneno yote haya kwa kupenda mapambo. Karibu kila moja lina kesi yake mahakamani, lina faini yake, na mengine yana watu waliooza jela kwa ajili yake. Nataka tuyapitie kwa njia ya historia, maana kamusi zinatoa visawe tu, na kisawe si maelezo.

Wala si mchezo wa wasomi walioshiba. Mtakumbuka mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, ambapo watu wapatao elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Miaka ile wapo Wazanzibari walioomba hifadhi Uingereza, na kila ombi lilipita katika mdomo wa mkalimani. Niliwahi kuletewa na wakili mmoja karatasi za bwana wa Pemba nizitazame. Bwana yule alikuwa ameeleza, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba yeye alikuwa mpinzani. Mkalimani akaandika “rebel”. Jamani! “Rebel” ni mtu wa silaha, na silaha ya bwana yule ilikuwa kadi ya chama na baiskeli. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda mtu anayeteswa kwa maoni yake ya kisiasa, lakini mkataba huohuo, katika ibara yake ya kwanza, kifungu F, unawatoa nje ya ulinzi waliotenda makosa makubwa. Neno moja lilikuwa linamhamisha mtu kutoka upande mmoja wa sheria kwenda wa pili. Tulilirekebisha kwa barua ya kurasa tatu, kazi ambayo mkalimani angeimaliza kwa neno moja.

Tuanze na hilohilo “rebel”. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna “bellum”, yaani vita. Ile “re” ya mwanzo ni ya kurudia. Kwa Warumi alikuwa mtu wa taifa lililokwisha kushindwa na kuwekwa chini ya mamlaka, kisha akaanza vita upya. Kwa hivyo neno lina mambo mawili tumboni: palikuwa na utii, na sasa pana silaha. Letu la muasi limetoka Kiarabu na maana yake ni pana zaidi, maana mtoto anaweza kumuasi mzazi wake bila ya kuinua hata ufagio. Anayefasiri “muasi” kwa “rebel” kila mahali anampa mtoto yule bunduki.

“Opponent” nalo ni jambo jengine. Kilatini chake ni kuweka kitu mbele ya kitu, kukabili, na hapa Kiswahili chetu kinakwenda nacho sambamba, maana kupinga ni kuweka kitu kikakingama njiani. Lakini tazameni neno lilikolelewa. Katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati “opponens” ilikuwa ni nafasi katika mjadala. Mwanafunzi mmoja anatetea hoja, wa pili kapewa kazi ya kuishambulia, na wiki ijayo wanabadilishana. Hakuna chuki wala kununiana. Desturi hiyo haijafa: Sweden na Finland mpaka leo anayetetea tasnifu ya udaktari huletewa “opponent” rasmi kutoka chuo kingine, na Finland karamu ya jioni hasa hufanywa kwa heshima ya huyohuyo aliyemtoa jasho mchana kutwa. Mpinzani mgeni wa heshima! Ndiyo maana “opponent” peke yake haimalizi habari. Ni lazima useme wa nini. Wa muswada fulani, wa kujengwa bwawa fulani, wa meza ya bao. Hoja ikiisha na upinzani wake unaisha.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe, “dissenter”. Maana yake ya asili ni kuhisi kando, kuwa na rai tofauti. Ni neno la moyoni kabla halijawa la mikononi. Lakini Uingereza ya karne ya 17 iliishika hisia hiyo ikaitia kwenye sheria, na hapo ndipo neno likapata herufi kubwa.

Mwaka 1559, chini ya Elizabeth I, Bunge lilipitisha sheria ya kutaka ibada iwe moja nchi nzima, kwa kitabu kimoja cha sala. Asiyefika kanisani Jumapili alitozwa shilingi moja. Mwaka 1581 faini ikapandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo mtu wa kawaida alikuwa hazioni mwaka mzima. Waliokataa waliitwa “recusants”, wakataaji, na wengi waliobakia na jina hilo walikuwa Wakatoliki. Angalieni: mkataaji hahitaji kusema chochote. Kosa lake ni kutoonekana. Kwa Kiswahili kizuri, amegoma.

Kisha ikaja 1662. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, mfalme Charles II karudi, na sheria mpya ya ibada moja ikataka kila mchungaji akubali kila kilichomo katika kitabu cha sala. Wachungaji wapatao elfu mbili walikataa na wakapoteza makanisa yao, siku ya mwisho ikiwa tarehe 24 Agosti. Hao, na waliowafuata, ndio walioitwa “Nonconformists”, watu wasiojifananiza, na taratibu wakaitwa “Dissenters”. Sheria ya 1664 iliwakataza kukusanyika kwa ibada zaidi ya watu watano walio nje ya jamaa wa nyumba. Ya 1665 iliwakataza wachungaji hao kukaribia miji chini ya maili tano. John Bunyan alikuwa ameshafungwa Bedford tangu 1660 kwa kuhubiri bila ya idhini na hakutoka mpaka 1672. Miaka kumi na miwili, na mlango ulikuwa wazi kwake siku yoyote angeahidi kunyamaza.

Mwaka 1689 ikapitishwa sheria ya kuwavumilia. Nasema kuwavumilia, si kuwapa uhuru. Waliruhusiwa kuwa na nyumba zao za ibada kwa masharti, na sharti moja lilikuwa kwamba wakati wa ibada mlango usifungwe kwa kufuli wala komeo. Nimelifikiria sharti hili mara nyingi. Serikali inamwambia mtu: hisi utakavyo, lakini tukuone. Hapo ndipo “dissenter” anapotofautiana na mtu wa njama. Wakatoliki walibaki nje ya ukunjufu huo, na waliokana Utatu pia. Na hata waliovumiliwa walizuiwa kisheria kushika kazi za mfalme na za mabaraza ya miji mpaka vizuizi hivyo vilipofutwa 1828. Oxford hukuandikishwa bila ya kutia saini zile ibara 39 za imani ya kanisa la dola. Matokeo yake hawa jamaa wakaanzisha vyuo vyao wenyewe. Kile cha Warrington kilimwajiri Joseph Priestley, mwanakemia, ambaye pia alikuwa mchungaji wa Dissenters na ambaye nyumba yake Birmingham ilichomwa moto na kundi la wahuni Julai 1791. Chuo kilichoanzishwa London 1826, ambacho leo ni University College, kilikuwa mahali pa kusoma bila ya kuulizwa dini. Wengi wetu tuliosomea London tumekalia viti vya watu hao bila ya kujua.

Kisa cha Daniel Defoe kinafaa kuwekwa hapa, maana kinahusu hasa hatari ya maneno. Defoe alikuwa Dissenter. Mwaka 1702 alitoa kijitabu bila ya jina lake, akajifanya ni mtu wa kanisa la dola mwenye jazba, akashauri kwamba njia fupi kabisa ya kumalizana na Dissenters ni kuwanyonga wahubiri wao na kuwafukuza waliobakia. Alikuwa anawadhihaki wenye siasa kali kwa kusema kwa sauti yao. Tatizo ni kwamba baadhi yao walikipenda, wakadhani ni chao! Na Dissenters wenzake wakaingiwa na hofu. Ulipojulikana ukweli kila upande ukamkasirikia, na mwisho wa Julai 1703 alisimamishwa siku tatu hadharani, shingo na mikono ndani ya mbao. Mpinzani wa nani huyu? Alikuwa akiwakosoa pia wenzake waliokuwa wanakwenda kula ushirika wa kanisa la dola mara moja kwa mwaka ili wapate vyeo, kisha wanarudi kwao. Kwetu tungewaita popo, si ndege si mnyama. Kiingereza kiliwapa jina lao rasmi na Bunge likawatungia sheria 1711, ikafutwa 1719.

Na neno hili lina mpaka wa nchi, jambo ambalo wafasiri wengi hawalioni. Mpresbiteri wa Scotland ni mtu wa kanisa la taifa lake. Akivuka mpaka kuingia England, papo hapo ni Dissenter. Mwanglikana akielekea kaskazini yanamkuta hayohayo. Mtu ni yuleyule, imani ileile, kilichobadilika ni ardhi iliyo chini ya miguu yake.

Ugomvi huu ulifika kwetu, tena kwa kishindo. Wamisionari walipoanza kuja pwani walikuja na mipaka yao mifukoni. Wamethodisti waliofungua kituo cha Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, walikuwa wametokana na mfarakano ndani ya Umethodisti wenyewe. Waliofika Ujiji 1878 walikuwa wa London Missionary Society, ambayo nguvu yake kubwa ilitoka kwa makanisa huru. Zanzibar walikuwapo Waanglikana wa UMCA, wale wa kanisa la juu, mishumaa na ubani. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Wascotland, kutafuta namna ya kushirikiana. Mwishoni askofu Peel wa Mombasa akaongoza ibada ya ushirika, na wasio Waanglikana wakashiriki. Habari zilipomfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashitaki Peel na Willis wa Uganda kwa uzushi na mfarakano. Magazeti ya London yaliwaka. Hebu fikirini: Mkikuyu au Mgiriama aliyebatizwa mwaka ule alijikuta ni “Nonconformist” katika ugomvi wa 1662, naye hajapata kuiona England wala kujua kwamba kuna kitu alikuwa atakiwe kujifananiza nacho.

Upande wa siasa mambo yalikwenda polepole zaidi. Karne ya 17 mtu aliyepinga serikali ya mfalme alikaribia kuwa mhaini. Majina ya makundi ya kwanza yalikuwa matusi matupu: “Whig” lilitokana na waasi wa kidini wa Scotland, “Tory” na majambazi wa porini wa Ireland. Walitukanana hivyo katika mgogoro wa kurithi ufalme wa 1679 hadi 1681, na kila kundi likalivaa tusi lake mpaka likawa nguo ya heshima. Hatua kubwa ya maneno ilikuja kwa mzaha. Mwaka 1826 mbunge John Cam Hobhouse, akiwa upande usiotawala, alisema kwamba ikiwa ni vigumu kwa mawaziri wa mfalme kupingwa, basi ni vigumu zaidi kwa “upinzani wa mfalme” kulazimishwa kupinga. Bunge likacheka. Lakini mzaha ulikaa, na 1937 sheria ikamtambua kiongozi wa upinzani kwa mshahara wa pauni 2,000 kwa mwaka, kutoka hazina ileile inayomlipa anayempinga. Hapa ndipo “opposition” inapotengana na “opponents”. Ya kwanza ni kiti, imo ndani ya nyumba, ina mshahara. Hao wa pili ni watu wowote wale.

Sisi tulipopata uhuru tulirithi jina la kiti hicho, lakini wengi hawakukitaka kiti chenyewe. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, alieleza kwamba vyama viwili vina maana pale tu ambapo tofauti kati yao ni za msingi, vinginevyo siasa inateremka ikawa kama mechi ya mpira. Ilikuwa hoja nzito na haikuwa ya kijinga. Tatizo lake, kwa maoni yangu, lilikuwa katika msamiati. Ukishasema chama ni taifa, anayekataa chama huna neno la kumwita isipokuwa adui wa taifa. Na sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kesi ilikuwa tayari imepitishwa 1962. Katikati ya “mwanachama” na “adui” hapakubaki ngazi ya kusimama. Cha ajabu ni kwamba uchaguzi wa 1965 Tanganyika ulikuwa na ushindani wa kweli: wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, mmoja alama ya jembe, mwengine alama ya nyumba, na mawaziri walianguka. Hao walikuwa “opponents” bila ya kuwako “opposition”. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na neno lake sawasawa, washindani, na kilifanya vyema kutowaita wapinzani.

Tume ya Jaji Nyalali ya 1991 ilikuta kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikashauri vyama vingi, na sheria ikabadilika 1992. Neno “mpinzani” likarudi sokoni likiwa na kutu ya miaka thelathini. Angalieni Zanzibar 2010. Baada ya kura ya maoni ya Julai 31 iliundwa serikali ya umoja wa kitaifa, na Maalim Seif Sharif Hamad akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Watu wakaendelea kumwita kiongozi wa upinzani, naye yumo ndani ya serikali, ana ofisi, ana msafara! Alirudi katika wadhifa uleule Desemba 2020 kwa tiketi ya chama kingine, mpaka alipofariki Februari 2021, na magazeti ya nje yakaandika vilevile, “opposition leader”. Neno lilikuwa limeganda kwa mtu, si kwa kiti.

Limebaki “dissident”, na hili ndilo linalotumika vibaya kuliko yote. Maana yake ya asili ni kukaa kando. Mwenzake alihisi kando, huyu kabeba kigoda chake kabisa akakiweka pembeni. Historia yake inaanzia Poland. Mwaka 1573 wakuu wa nchi ile, waliokuwa Wakatoliki, Waprotestanti na wengineo, walipatana Warsaw kwamba hawatamwaga damu kwa sababu ya dini. Katika hati yao walijiita wote, kwa Kilatini, watu waliotofautiana katika dini. Wote! Kila mmoja alikuwa “dissident” kwa mwenzake. Ni moja ya hati zenye adabu kubwa katika historia ya Ulaya. Lakini kadiri Wakatoliki walivyopata nguvu, neno likawaacha wao likabaki kwa wengine tu, Waprotestanti na Waorthodoksi. Kutoka “sisi tuliotofautiana” likawa “wale waliojitenga”. Karne ya 18 Catherine wa Urusi alifanya kuwatetea “dissidents” hao kuwa sababu ya kuingiza mkono wake Poland, na 1772 nchi ikaanza kukatwa vipande.

Miaka mia mbili baadaye neno lilihamia mashariki zaidi. Februari 1966 waandishi wawili, Sinyavsky na Daniel, walihukumiwa Moscow miaka saba na mitano kwa kuchapisha vitabu vyao nje. Waandishi wa habari wa magharibi walihitaji jina fupi la watu wa aina hii, wakachukua “dissidents”. Warusi wenyewe walikuwa na neno lao lenye maana ya wanaofikiri vingine, na wengine walipendelea kuitwa watetezi wa haki. Václav Havel, katika insha yake ya 1978 kuhusu nguvu ya wasio na nguvu, aliliandikia malalamiko: kwamba jina hilo limetungwa na wengine, linamfanya mtu aonekane ana kazi maalumu ya kunung'unika, ilhali yeye ni mwashi au mwandishi aliyetaka kuishi kwa ukweli tu. Hata hivyo neno likapata heshima kubwa. Andrei Sakharov alipohamishiwa Gorky kwa nguvu Januari 1980, “dissident” lilikuwa karibu na “mtakatifu” katika magazeti ya London.

Sasa nendeni Harare, miaka ileile. Kuanzia 1982 serikali ya Zimbabwe iliwaita “dissidents” watu wenye silaha waliokuwa Matabeleland, wengi wao askari wa zamani wa ZIPRA waliotoroka jeshini. Januari 1983 Brigedi ya Tano, iliyofunzwa na Wakorea wa Kaskazini, ikapelekwa huko. Maelfu ya raia waliuawa kwa kuambiwa wanawalisha au wanawaficha “dissidents”. Ulipofika mwafaka wa Desemba 1987 na msamaha wa 1988, waliojitokeza na silaha zao walikuwa watu 122. Kwa ajili ya watu idadi ya darasa tatu za shule, vijiji vizima vilizikwa. Msomaji wa Kiingereza mwaka ule wa 1983 aliweza kukutana na neno hilohilo mara mbili katika gazeti moja, ukurasa huu ni mzee mwanafizikia chini ya ulinzi, ukurasa wa pili ni mtu wa bunduki porini. Na walioteseka kwa neno hilo Matabeleland, wengi wao hawakuwa hata kimoja kati ya viwili hivyo. Walikuwa wakulima.

Jamaa wa Muscat na Zanzibar hawatalishangaa jambo hili, maana Kiarabu kimeyapitia zamani. “Khawarij” ni waliotoka, na jina hilo walipewa na wengine baada ya Siffin, 657. Ndugu zetu Maibadhi wamelikataa jina hilo karne kwa karne, wao wanajiita watu wa msimamo ulionyooka, na bado vitabu vingi vya wazungu kuhusu masultani wa Zanzibar vinawatia kwenye kapu hilohilo bila ya kuuliza. “Mu'tazila” nao maana yake ni waliojitenga, ni “dissident” neno kwa neno, na inasimuliwa Wasil bin Ata alitengwa na jina hilo alipoondoka kwenye darsa ya Hasan al-Basri. Wenyewe walijiita watu wa uadilifu na tauhidi. Kila mara aliyebaki ukumbini ndiye anayempa jina aliyetoka, na kila mara jina linasema kutoka, halisemi kwa nini.

Yaliyobaki nitayapitia mbio. “Critic” ni Kigiriki, kutoka kuchuja na kuhukumu, na Kiingereza kinalitumia kwa msoma riwaya na kwa anayelaumu bajeti. Sisi tumebahatika kuwa na mawili: mhakiki, mwenye kutafuta haki ya jambo, na mkosoaji. Hili la pili watu wanalionea wakidhani ni mtafuta makosa. Kwa masikio yangu ile “-oa” ya mwisho ni ya kutengua, kama choma na chomoa, kwa hivyo kukosoa ni kulitoa kosa. Rafiki anaweza kukukosoa, na mara nyingi ndiye pekee anayejisumbua. “Detractor” ni kinyume: Kilatini chake ni kuvuta chini, na hakuna mtu duniani anayejiita hivyo. Ni neno la aliyeumizwa. Wanasiasa wa Nairobi wanalipenda mno, na ukilisikia ujue limesemwa na anayelaumiwa, kwa hivyo mfasiri asiliweke kinywani mwa msimulizi asiye na upande. “Adversary” ni la mahakamani, na mwenzake halisi ni hasimu, ambaye kwa Kiarabu ni mdai mwenzio mbele ya kadhi. Magazeti yetu yamelifanya la uadui. Ila kwa Simba na Yanga tunasema watani wa jadi, na hilo Kiingereza hakina, wala sioni kitakavyolipata.

Katika kazi zangu nimefika hapa: “opponent” ni mpinzani pale ambapo kinachopingwa kimetajwa, upinzani nauachia bunge, “dissenter” namwita mwenye rai tofauti, hasa nikifasiri hukumu za majaji, kama ile ya Harlan wa Mahakama Kuu ya Marekani aliyebaki peke yake 1896 dhidi ya ubaguzi wa mabehewa, naye hakuwa akiipinga mahakama yake. Kwa “dissident” sijapata neno moja. Aliyejitenga linatoa lawama, mkinzani linafanana mno na mpinzani. Kwa sasa nasema alichofanya: aliyeandika, aliyekataa kutia saini, aliyeshika silaha. Sentensi inarefuka, lakini mtu anabaki na sura yake. Kama Mombasa, Lamu au Bujumbura kuna neno ambalo wazee wanamwita mtu aliyehama baraza bila ya kuhama mji, naomba tuletewe hapa.

Nawasilisha.